Tabibu na Hakimu: Historia ya Dhambi Kama Ugonjwa Katika Imani ya Kikristo

Mwanzoni mwa mwaka 250, Kaisari Decius alitoa amri ambayo wakazi wa dola la Roma hawakuwahi kuisikia. Kila mtu alitakiwa kufika mbele ya tume ya serikali mahali anapoishi, aitolee miungu sadaka, aonje nyama ya sadaka hiyo, kisha apewe cheti. Vyeti zaidi ya 40 vya aina hiyo vimefukuliwa Misri, vimeandikwa kwenye mafunjo. Katika vyeti hivyo mwombaji anajitambulisha, anathibitisha kwamba ameiheshimu miungu siku zote na kwamba ameitolea sadaka mbele ya tume, na mashahidi wanatia sahihi.

Karthago, mji mkubwa wa pwani ya Afrika Kaskazini ambao magofu yake yako leo kando ya jiji la Tunis, ulikuwa na Wakristo wengi, na wengi wao walianguka. Askofu wao, Sipriani, aliandika baadaye kwa uchungu kwamba baadhi hawakungoja hata kukamatwa. Walipanda wenyewe kwenda hekaluni. Jioni ilipoingia na maofisa wakataka kuahirisha shughuli hadi kesho yake, wapo waliosihi wahudumiwe siku ileile. Wengine walifukiza ubani tu. Wengine hawakutoa sadaka kabisa ila walihonga wakapata cheti. Waliokataa walitiwa gerezani, na baadhi yao walifia humo.

Mwaka 251 dhoruba ilipotulia, walioanguka walirudi kubisha mlango wa kanisa. Swali likawa moja: walichokifanya ni kitu gani? Kama ni uhalifu, wahukumiwe. Kama ni deni, walipe. Kama ni jeraha, watibiwe. Swali hilo halijazeeka. Mpaka leo, kwenye mafunzo ya kipaimara, kwenye kiti cha maungamo na kwenye vikundi vya maombi, waumini wanauliza kama dhambi ni kosa linalostahili hukumu au ni ugonjwa unaohitaji tiba.

Ninavyoisoma historia hii, Kanisa halikukosea kuiita dhambi ugonjwa, mradi lishike masharti mawili. La kwanza, mgonjwa asiachwe adhani kwamba hana la kujibu. La pili, maneno yasigeuzwe kinyumenyume yakasomeka kwamba ugonjwa ni dhambi. Kila sharti mojawapo lilipovunjwa, kuna watu walioumia.

Askofu, walioanguka na tauni

Lugha ya tiba haikuanzia Karthago. Nabii Isaya alilichora taifa lake kama mwili uliojaa majeraha yasiyofungwa. Yesu alipolaumiwa kwa kula na watoza ushuru nyumbani kwa Lawi, alijilinganisha na tabibu anayewafuata wagonjwa. Lakini wanafunzi walipomwuliza juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, kama alitenda dhambi yeye au wazazi wake, alizikataa sababu zote mbili. Injili, basi, ziliacha urithi wenye pande mbili: mwenye dhambi ni mgonjwa, ila haifuati kwamba mgonjwa analipa dhambi.

Mwanzoni mwa karne ya 2, Inyasi, askofu wa Antiokia, alikuwa akisafirishwa chini ya ulinzi kwenda kuuawa Roma. Njiani aliwaandikia Wakristo wa Efeso kwamba tabibu ni mmoja tu, Kristo, na Ekaristi akaiita dawa ya kutokufa. Miaka mia hivi baadaye, Tertullian wa Karthago aliandika kitabu juu ya toba chenye lugha zote mbili bega kwa bega. Humo kuna deni na malipo, na humo pia kuna mtu aliyeugua sehemu za siri, akaona haya kumwonyesha daktari, akafa pamoja na haya yake.

Sipriani aliichukua picha hiyo akaifanyia kazi. Pande mbili zilimvuta. Baadhi ya waungama imani, yaani wale waliotiwa gerezani kwa kukataa kutoa sadaka, waliwaandikia walioanguka barua za amani, na walioanguka wakadai warudishwe kwenye meza ya Ekaristi mara moja. Sipriani alijibu kwamba daktari anayepapasa kwa upole kidonda chenye usaha anailea sumu iliyomo ndani. Kidonda kipasuliwe, kisafishwe, hata mgonjwa apige kelele, maana akipona atashukuru. Upande wa pili alikuwapo Novatian, padri wa Roma aliyeshika kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwarudisha waliomkana Kristo. Huyo naye Sipriani alimjibu kwa picha ileile. Katika barua kwa askofu mwenzake Antonianus, alisema walioanguka si maiti. Ni majeruhi waliolala nusu hai, na aliye nusu hai hazikwi.

Maamuzi ya sinodi ya Karthago ya mwaka 251 yalifuata hali ya kila mmoja. Walionunua vyeti bila kutoa sadaka waliweza kupokewa baada ya kesi zao kuchunguzwa moja moja. Waliotoa sadaka waliagizwa wabaki katika toba, na wapokewe wakikaribia kufa. Muda mfupi baadaye, mateso mapya yalipoanza kunukia, maaskofu waliwafungulia mlango wote waliokuwa wakitubu, kwa hoja kwamba asiyepewa nguvu hawezi kusimama vitani. Hapo inaonekana lugha ya tiba ilivyobadilisha mambo. Adhabu hupimwa kwa kosa lililopita. Dawa hupimwa kwa hali ya mgonjwa leo, na hubadilishwa hali ikibadilika.

Wakati huohuo tauni iliingia mjini. Sipriani aliziandika dalili zake kwa macho ya mtu aliyeingia vyumba vya wagonjwa: kuhara kunakomaliza nguvu, homa inayochoma koo, kutapika mfululizo, macho mekundu kwa damu, miguu inayooza hadi kukatwa, wengine kubaki viziwi au vipofu. Waumini wake walishtuka. Walitegemea ugonjwa uwapige wapagani na kuwaruka wao. Askofu aliwaambia kwamba maadamu tuko katika mwili huu, mwili tunashiriki na wanadamu wote. Njaa ikija inawabana wote, na chombo kikipasuka mwambani abiria wote wanazama. Kwa mujibu wa Pontius, shemasi wake aliyeandika maisha yake, aliwahimiza Wakristo wawahudumie hata wale waliokuwa wakiwatesa jana.

Askofu yuleyule, katika mji uleule, ndani ya miaka miwili mitatu, aliiita dhambi jeraha, na akakataa kuufanya ugonjwa uwe ushahidi wa dhambi. Lakini hata yeye aliteleza. Alipomjibu Demetrianus, mpagani aliyewatupia Wakristo lawama za maafa yote ya zama zile, alirudisha pigo kwa kusema kwamba maafa hayo ni ghadhabu ya Mungu juu ya wanaomkataa na kuwatesa watu wake. Alichowafundisha waumini wake kitandani mwa wagonjwa kilimponyoka kwenye mabishano. Tarehe 14 Septemba 258 alikatwa kichwa kwa ajili ya imani yake, na urithi wake wote, wenye nguvu na wenye ufa, ukabaki kwa Kanisa la Afrika.

Mgonjwa asiyeweza kujiponya

Tarehe 24 Agosti 410 jeshi la Wagothi liliingia Roma, na wakimbizi wakavuka bahari kuja Afrika. Miongoni mwao alikuwa Pelagius, mtawa mwenye asili ya Britania, mtu wa maadili makali aliyechukizwa na Wakristo walegevu. Alisikia waumini wakisema, sisi ni dhaifu, hatuwezi, na hilo akaliona kuwa ni kichaka cha kujifichia. Mungu asingeamuru lisilowezekana. Maumbile ya mwanadamu ni mazima, na anayetaka kutenda mema anaweza.

Wasiwasi wake ulikuwa wa haki. Ukimwambia mtu kwamba dhambi yake ni ugonjwa, yuko atakayeketi kitandani akaridhika. Pelagius alikuwa akililinda lile sharti la kwanza.

Aliyempinga alikuwa Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika Aljeria ya leo, akawa askofu wa Hippo, mji wa pwani unaoitwa sasa Annaba. Mwaka 415, vijana wawili waliokuwa wafuasi wa Pelagius walimpelekea kitabu cha mwalimu wao wakitaka kujua anasemaje. Ndani yake mlikuwa na hoja kali: dhambi si kitu chenye umbo, ni tendo tu. Kisicho kitu kitawezaje kudhoofisha maumbile ya mtu?

Augustino alijibu kwa mfano wa chakula. Kufunga kula nako si kitu, ni kuacha tu kupokea. Lakini mwili ulioachwa bila chakula hunyong'onyea, nguvu hukatika, mwisho hauwezi hata kukirudia kile chakula ambacho kingeuinua. Mungu ndiye chakula cha roho. Mtu aliyejitenga naye ameanza kwa kutenda tendo, akaishia katika hali, na hali hiyo haitoki kwa kuikemea.

Jibu hilo limebeba mambo mawili ambayo watu hupenda kuyatenganisha. Aliyeacha kula aliacha mwenyewe, kwa hiyo ana la kujibu. Na sasa hawezi kujiinua, kwa hiyo anahitaji mtu wa kumlisha. Tarehe 1 Mei 418 maaskofu zaidi ya 200 walikutana Karthago wakaipa hoja hii nguvu ya kanuni. Walikataa fundisho kwamba neema ya Mungu kazi yake ni kufuta dhambi zilizopita tu. Walitamka kwamba neema pia ni msaada wa kutorudia kutenda dhambi. Kwa maneno mengine, msamaha wa hakimu peke yake hautoshi. Aliyesamehewa anahitaji pia kupona.

Ukitaka kuona kwamba Augustino hakuitumia lugha ya ugonjwa kama udhuru, soma habari za kifo chake zilizoandikwa na rafiki yake Possidius. Ilikuwa Agosti 430, Wavandali wameuzingira mji wa Hippo, na askofu mwenye umri wa miaka 75 amelala na homa. Aliagiza Zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani mkabala na kitanda chake, akawa anazisoma na kulia. Kwa muda wa siku kama kumi hakutaka mtu aingie chumbani isipokuwa madaktari walipokuja kumtazama au chakula kilipoletwa. Mtu aliyefundisha maisha yake yote kwamba mwanadamu ni mgonjwa alikufa akizililia dhambi zake kama zake, hakumsingizia mtu wala maumbile.

Hata hivyo, mafundisho yake yalikuwa na upande mgumu. Alishika kwamba ugonjwa huu watoto wanazaliwa nao pamoja na hatia yake. Makanisa ya Mashariki yalielekea zaidi kusema kwamba tunachorithi kwa Adamu ni kifo na udhaifu, na tofauti hiyo haijafutika hadi leo.

Kanuni za waganga wa roho

Mashariki, lugha ya tiba iliingia katika sheria yenyewe. Basili wa Kaisaria, aliyejenga kituo kikubwa cha wagonjwa na maskini nje ya mji wake karibu na mwaka 370, ndiye pia aliyeandika kanuni za toba zenye hesabu ya miaka kwa kila kosa. Mwaka 692 maaskofu walikutana Konstantinopoli, katika ukumbi wa ikulu ulioitwa Trullo. Katika kanuni yao ya 102 waliagiza kwamba aliyepewa mamlaka ya kufunga na kufungua apime aina ya dhambi na utayari wa mtu kugeuka, kisha atoe dawa inayofaa. Akizidisha ukali atamkatisha tamaa, akilegeza mno atamwangamiza. Ile hesabu ya miaka ikawa kipimo mkononi mwa mganga, naye akapewa ruhusa ya kukipunguza.

Magharibi, watawa wa Ireland walitunga vitabu vya toba kuanzia karne ya 6, wakifuata kanuni ya matabibu wa kale kwamba kinyume huponywa kwa kinyume: mlafi afunge, mvivu afanye kazi, mchoyo atoe. Vitabu hivyo viliweka nafuu mikononi mwa watu wa kawaida. Ila orodha za adhabu zilivyozidi kurefuka, dawa ilianza kufanana na faini.

Mwaka 1215 Papa Inosenti III aliongoza Mtaguso wa Nne wa Laterano. Kanuni ya 21 iliwataka waamini waungame walau mara moja kwa mwaka, na ikamtaka padri awe kama tabibu mwerevu anayemimina divai na mafuta juu ya majeraha, akiuliza kwa makini hali ya mgonjwa. Mpaka hapo, ni sauti ya Sipriani. Lakini kanuni ya 22 ilisema kwamba ugonjwa wa mwili wakati mwingine hutokana na dhambi, kwa hiyo daktari akiitwa kwa mgonjwa ahakikishe kwanza padri ameitwa. Neno "wakati mwingine" ni dogo. Watu wakipatwa na hofu, hawalisikii.

Hofu ilikuja mwaka 1347, tauni ilipoingia Ulaya. Makundi ya watu yalizunguka miji yakijichapa viboko hadharani ili kulipia dhambi zilizosemekana kuleta maradhi. Kisha wakatafutwa wenye dhambi zaidi. Tarehe 14 Februari 1349, mjini Strasbourg, mamia ya Wayahudi walichomwa moto kwa kusingiziwa kwamba wametia sumu visimani. Papa Klementi VI, akiwa Avignon, hakukana kwamba Mungu aweza kuadhibu kwa tauni. Lakini katika barua zake za mwaka 1348 alionyesha kwamba Wayahudi nao wanakufa kwa tauni hiyohiyo, na kwamba imefika hata mahali ambapo hawapo. Oktoba 1349 akayapiga marufuku makundi ya wajichapao. Miaka elfu na mia moja baada ya Sipriani, hoja ilikuwa ileile: ugonjwa hauchagui. Kwa wale wa Strasbourg ilichelewa.

Mageuzi ya Kiprotestanti ya karne ya 16 hudhaniwa kuwa yaliitupa lugha ya tiba na kuikumbatia ya mahakama. Kumbukumbu zinasema vingine. Mwaka 1515 na 1516, akifundisha Waraka kwa Warumi huko Wittenberg, Martin Luther alimweleza Mkristo kama mgonjwa aliyeahidiwa na daktari kwamba hakika atapona, akaanza kutii masharti yake. Kwa hali yake ni mgonjwa, kwa ahadi ya daktari ni mzima. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 liliiita dhambi ya asili ugonjwa, na hapohapo likasema kwamba ugonjwa huo ni dhambi kwelikweli. Upande wa Wakatoliki, Mtaguso wa Trento mwaka 1551 ulimwita padri hakimu anayetoa hukumu, na katika fundisho hilohilo ukakumbusha kwamba mgonjwa akiona haya kumwonyesha tabibu kidonda, dawa haiwezi kuponya isichokijua. Ni yule mgonjwa wa Tertullian, amerudi baada ya karne 13. Pande mbili zilizogombana karibu kwa kila jambo zilikubaliana hapa kwamba hakimu na tabibu wote wanahitajika.

Kutoka Gahini hadi Kagera

Afrika Mashariki ina sura yake katika historia hii, na sura hiyo ilianzia hospitalini. Gahini ni kilima kilicho juu ya Ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda, ambako wamisionari wa Kianglikana walikuwa na hospitali. Daktari Joe Church alifika huko mwaka 1928, wakati wa njaa kubwa. Mwaka 1929, akiwa amechoka mwili na roho, alikwenda Kampala, akakutana huko Namirembe na Mganda mmoja mcha Mungu, Simeon Nsibambi. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Hatimaye msaidizi mkuu wa hospitali, Yosiya Kinuka, naye alikwenda kumwona Nsibambi akiwa na malalamiko juu ya hali ya mambo Gahini. Nsibambi akamwelekeza autazame kwanza moyo wake mwenyewe. Kinuka alirudi kazini mtu mwingine. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliyefundisha Gahini, aliubeba ujumbe huo kwa nguvu hadi alipofariki Januari 1936, na mwamko huo wa kiroho, ulioitwa Uamsho, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika.

Ndugu wa Uamsho hawakuandika vitabu vya theolojia juu ya tiba ya roho. Walitembea nuruni, kama walivyosema wenyewe: mtu alisimama katika ushirika, akataja alichoiba, akakirudisha kwa mwenyewe, akamwomba msamaha mkewe au mwajiri wake. Kidonda kilifunuliwa, na aliyekifunua alikiri kwamba ni chake. Kwa miaka mingi Wazungu na Waafrika waliungamiana dhambi katika kikao kimoja, jambo lililokuwa gumu kuonekana penginepo katika makoloni.

Kagera ni mojawapo ya sehemu za Tanganyika zilizopokea Uamsho mapema. Mwaka 1983 mkoa huohuo ulitoa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania. Kwenye mimbari nyingi za nchi zetu sentensi iligeuzwa tena: ugonjwa huu ni adhabu, na aliyeupata ajulikane. Wajane waliowazika waume zao wakabaki na lawama. Wagonjwa walijificha kwa haya, kama yule wa Tertullian, na haya hiyo safari hii walipewa na kanisa lenyewe.

Waliorekebisha walitoka ndani. Mwaka 1992 Gideon Byamugisha, mchungaji wa Kianglikana wa Uganda, alitangaza hadharani kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI, akatumia miaka iliyofuata kuyafundisha makanisa kwamba virusi si kipimo cha utakatifu wa mtu. Novemba 2001, Baraza la Makanisa Ulimwenguni liliwakutanisha Nairobi viongozi wa makanisa, nao katika mpango wao wa utekelezaji wakaahidi kulaani unyanyapaa dhidi ya wanaoishi na virusi kuwa ni dhambi. Hapo mambo yalirudi mahali pake. Ugonjwa ulibaki ugonjwa, wa kutibiwa kwa dawa na huruma. Kilichoitwa dhambi ni kumtenga mgonjwa, na wenye dhambi hiyo walikuwa ni wale waliojiona wazima.

Anayeuliza leo kama dhambi ieleweke kuwa ugonjwa anastahili kujibiwa ndiyo, kwa sababu ndivyo walivyoielewa watu waliolazimika kuishi na waliotenda dhambi, si kuwajadili tu. Lugha ya deni na hukumu inasema ukweli juu ya tulichokifanya. Lugha ya tiba inasema ukweli juu ya hali tuliyoingia kwa kukifanya, na peke yake ndiyo inayomwambia mchungaji afanye nini kesho asubuhi: auchunguze moyo wa mtu, apime dawa, asikatishe tamaa, asidanganye kwamba kidonda kimefunga. Mhubiri akishaingia wodini, jina la ugonjwa wa mtu aliyelala mbele yake halimwambii chochote kuhusu dhambi zake, na hana ruhusa ya kulitumia kama ushahidi. Sipriani aliwaambia hivyo watu wa Karthago tauni ikiwa mlangoni, na kila kizazi kilichojifanya hakijasikia kimeongeza wagonjwa.